Wazee Singida na vidonge vya kalsiamu: maji yaangaliwe kwanza

MAUMIVU ya mgongo na viungo huwapeleka wazee wengi katika maduka ya dawa kutafuta vidonge vya kalsiamu. Mkoani Singida lipo swali la kutangulia: mzee huyo anakunywa maji ya kisima gani?

Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Ikinywewa kwa miaka mingi, floraidi hujilimbikiza mifupani na kukaza uti wa mgongo. Upungufu wa kalsiamu huzidisha madhara hayo, lakini kidonge hakiondoi chanzo. Kuchemsha maji nako hakusaidii.

Kwa anayehitaji vidonge, kalsiamu kaboneti ndiyo ya bei nafuu, nayo humezwa pamoja na chakula kwa kuwa huhitaji asidi ya tumbo. Mzee anayetumia dawa za kupunguza asidi hufaa zaidi kupewa kalsiamu sitreti.

Lebo isomwe kwa makini, maana hapo ndipo wengi hupotea: miligramu 500 za kaboneti hutoa 200 tu za kalsiamu yenyewe. Mwili hufyonza vyema kiasi kisichozidi 500 kwa mara moja, na huhitaji vitamini D. Kikombe cha maziwa hutoa takriban 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao huchangia.

Aliyewahi kuugua mawe ya figo amwone daktari kabla ya kununua.