Namna za Kupiga Chapa

Wasomaji wetu wengi, hasa walimu na viongozi wa vyama, hutaka kupigiwa chapa vijitabu vyao, wala hawajui waulize nini wafikapo kwa mpiga chapa. Kwa hiyo yafaa tuwaeleze kidogo.

Namna ya zamani ni ile ya herufi za risasi, iliyoanzishwa Ulaya na Johannes Gutenberg wa Mainz, yapata mwaka 1450. Kila herufi ilikuwa kipande mbali, imekaa kinyume kama maandishi ya muhuri. Zilipangwa moja moja, zikapakwa wino, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Hivyo ndivyo Wamisionari wa UMCA walivyopiga chapa vitabu vya Kiswahili huko Unguja katika karne ya 19. Kazi ilikuwa ya taabu. Lakini herufi iliyokosewa iling'olewa ikatiwa nyingine.

Siku hizi vitabu vingi hupigwa kwa ofseti. Asili yake ni jambo ambalo kila mpishi alijua: mafuta na maji havipatani. Bamba lake ni laini, halina mwinuko. Penye maandishi hupokea wino wenye mafuta. Patupu hushika maji, na maji huukataa wino. Maandishi hutoka katika bamba yakaingia katika mpira, ndipo yafike karatasini. Gharama kubwa ni ya mabamba na matayarisho, nayo haipungui, ziwe nakala 50 ama 5,000. Basi mwenye kutaka chache na atafute mashine ya dijitali, isiyohitaji bamba.

Tena, kijitabu cha kubanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, maana karatasi iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa 4. Ukileta kurasa 33, utalipia 36.

Kabla ya kupiga zote, utapewa nakala ya kusahihisha, iitwayo prufu. Hapo usifanye haraka. Sisi wenyewe tuliwahi kutia sahihi prufu usiku, macho yamechoka. Kiingilio cha chama, shilingi 20,000, kikatoka 2,000 katika nakala zote 500. Mpiga chapa hakuwa na lawama. Sahihi ilikuwa yetu. Tulikaa siku mbili tukiongeza sifuri kwa kalamu, na hata hivyo wako waliokuja na 2,000 zao mkononi, na kijitabu kisichosahihishwa kikiwa shahidi wao.