Chuma cha Mguuni Kilijaribiwa Wapi?

Siku hizi ni vigumu kukuta jumuiya isiyo na mtu mwenye chuma mwilini. Kijana aliyeanguka na bodaboda amewekewa msumari ndani ya mfupa wa paja. Bibi aliyeteleza bafuni amefungwa bamba na skrubu nyongani. Mwingine bado ana vile vyuma vya nje ambavyo watu wameviita "antena". Ndugu wa mgonjwa, kabla ya kutia sahihi, huuliza: Je, hakitavunjika? Hakitalegea? Ni swali la haki kabisa, na sehemu ya jibu lake inatoka kwenye mfupa wa bandia.

Hatusemi juu ya mfupa anaowekewa mgonjwa. Huu tunaousema hauingii mwilini mwa mtu kamwe. Umetengenezwa ili utobolewe, ukunjwe na kuvunjwa katika maabara, kusudi ijulikane chuma kipi kinashika na kipi kinachomoka.

Msomaji atauliza, kwa nini wasitumie mifupa ya kweli? Wanaitumia, lakini ina taabu zake. Kwanza kuipata: maiti ya mpendwa wetu si kitu cha kutoa kirahisi, wala hatuwezi kuilaumu familia inayokataa. Pili kuitunza: yataka igandishwe kwenye baridi kali, na ile iliyolowekwa katika dawa ya kuhifadhia maiti haiaminiki tena kwa kupima nguvu, maana dawa huibadilisha. Taabu ya tatu ndiyo kubwa. Hakuna watu wawili wenye mifupa sawa. Tukijaribu skrubu moja kwenye paja la mkulima wa miaka 30, na skrubu nyingine kwenye paja la bibi wa miaka 80, kisha ya kwanza ikashinda, nani ameshinda? Skrubu au mkulima? Mifupa ya ng'ombe na nguruwe hupatikana buchani kwa bei nafuu, lakini umbo lake si letu, nayo pia hutofautiana mnyama kwa mnyama.

Mwaka 1996 Luca Cristofolini na wenzake wa Bologna, Italia, walilinganisha mapaja ya bandia na mapaja ya maiti. Waliona kwamba tofauti kati ya mfupa mmoja wa bandia na mwingine ilikuwa ndogo mara 20 hadi 200 kuliko tofauti iliyokuwapo kati ya mifupa ya watu. Maana yake ni kwamba kwa mifupa michache tu mtafiti anaweza kuona tofauti ndogo kati ya chuma na chuma, tofauti ambayo katika mifupa ya watu ingepotea.

Mfupa huo hutengenezwaje? Ganda la nje ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu ya epoksi. Ndani, mahali pa ule mfupa wenye vitundu vitundu, hutiwa povu gumu la poliyurethani, ambalo ni la ukoo mmoja na sponji ya godoro lako. Viwanda vinavyojulikana sana ni Sawbones, kilichoko kisiwa cha Vashon katika jimbo la Washington, Marekani, na Synbone cha Uswisi.

Lakini si lazima kununua paja zima. Anayetaka kujua skrubu inavyoshika hutosheka na kipande cha povu chenye umbo la tofali. Tangu mwaka 1997 kuna kipimo cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kinachoyapanga mapovu hayo kwa madaraja kulingana na uzito wake. Daraja la 10 lina kilo 160 hivi kwa kila mita moja ya ujazo, daraja la 20 kilo 320, daraja la 40 kilo 640; maji ni kilo 1,000. Anayewaza mifupa ya wazee iliyodhoofika huchukua povu jepesi, na anayewaza vijana huchukua zito. Skrubu hukazwa, kisha mashine huivuta polepole, milimita 5 kwa dakika, mpaka ing'oke, na nguvu kubwa kabisa iliyofikiwa huandikwa. Kwa kufundishia tu kutoboa na kukaza, hata ubao au bomba la maji la plastiki hufaa. Kwa utafiti ubao haufai, maana kila ubao una vifundo vyake.

Basi tuseme wazi. Povu hili tuliamini kama tunavyoamini jiwe la mizani, si kama tunavyoamini mguu. Halina damu, haliungi, halishiki usaha. Kipimo chenyewe cha ASTM hakidai kwamba povu ni sawa na mfupa wa binadamu. Muuzaji akisema chuma chake kimeshinda katika mfupa wa bandia, amesema kimeshinda vyuma vingine. Mguu wa mwanao bado haujasema neno.

Mguu husema baadaye. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, imetumika misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Lewis Zirkle huko Richland, Washington. Msumari huo umebuniwa uweze kuwekwa hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Madaktari hutuma taarifa na picha za wagonjwa wao kwenye kumbukumbu za shirika. Mojawapo ya vipimo vyao haihitaji mashine yoyote: mgonjwa huambiwa achuchumae na kutabasamu, kisha hupigwa picha. Anayechuchumaa hadi chini bila kushika kitu, uso ukiwa umekunjuka, mfupa wake kwa kawaida unaendelea vizuri. Kipimo hicho kimechunguzwa hapo hapo Dar es Salaam.

Ndiyo maana tunawasihi wagonjwa wasiikimbie kliniki mara maumivu yanapopoa. Chuma ni cha kushikilia mpaka mfupa uunge. Mfupa usipounga, chuma hubeba uzito peke yake kila hatua, na hatimaye huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Usitupe magongo kabla daktari hajasema. Ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kidonda kinatoa usaha, mguu unapinda au unafupika, au unasikia kitu kinacheza ndani, usingoje tarehe ya kadi. Rudi hospitali uliyofanyiwa upasuaji, na uchukue picha zako zote za eksirei, hata zile za zamani zilizokaa chini ya godoro.