Mumeo na Mpira: Nani Anakaa Siti ya Mbele?

Shoga, tuambizane ukweli. Wangapi kati yetu tumeshanuniana na waume zetu kwa sababu ya mpira? Mimi wa kwanza kunyoosha mkono.

Hapa Mpanda, wengi wetu Simba na Yanga tunaziona bandani. Siku ya dabi ukichelewa kidogo tu, mabenchi yote yamejaa, unabaki kutazama visogo vya watu. Zamani bandani palikuwa pa wanaume watupu. Siku hizi na sisi tumo, na jezi zetu tumevaa. Raha ipo, ila kupata siti ni kasheshe!

Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipigwa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Kwetu ni kama nyumbani, maana mpaka 2012 Katavi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nikamwambia Baba Watoto twende wote. Akacheka. “Kule watu nyomi, mama. Utakaa wapi?” Akaondoka na washikaji zake. Simba ikaifunga Namungo 2-1, yeye akarudi anaimba, mimi nikanuna wiki nzima. Sikununia mpira. Nilinunia kuambiwa sina pa kukaa.

Mwaka uliofuata fainali ikaenda Kigoma, Julai 25, 2021, tena Simba na Yanga zenyewe. Safari hii sikuomba, nilifunga begi. Tukapita Uvinza, vumbi mpaka kwenye kope. Tulipofika Uwanja wa Lake Tanganyika, mzunguko ulishafurika. Tukasimama nyuma ya majamaa warefu kama minazi. Nilikuwa naona mawingu tu.

Hapo ndipo mume wangu akanishangaza. Alibanana, akapata upenyo wa mtu mmoja. Badala ya kuingia yeye, akanivuta mkono. “Pita wewe.” Kipindi cha pili ikapigwa kona, Taddeo Lwanga akaruka, kichwa, wavuni! 1-0, Simba bingwa. Mimi nililiona. Yeye, Msimba wa tangu utotoni, alisikia kelele tu.

Njia nzima ya kurudi akawa ananiuliza: “Hebu nisimulie tena, aliruka vipi?” Nilisimulia mpaka sauti ikakauka. Sikumbuki lini mara ya mwisho tuliongea hivyo.

Na wewe ukitaka kwenda, zingatia haya:

Nunua tiketi mapema. Usingoje kubahatisha getini siku ya mechi.

Fika saa kadhaa kabla. Siti nzuri ya mzunguko ni ya aliyewahi, hata kama kiingilio mmelipa sawa.

Usigombanie geti. Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger Uwanja wa Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60,000, mtu mmoja alifariki kwenye msongamano na wengine wakajeruhiwa. Hakuna goli lenye thamani ya roho ya mtu.

Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani: nafasi ikiwa moja, nani anakaa? Sisi tunapokezana, kipindi cha kwanza yeye, cha pili mimi.

Ila dada yangu, kama mwenzio hajawahi kukwambia “pita wewe”, kabla hujanuna muulize: umeshamwambia kwamba unataka kwenda?