Kokwa ya parachichi tamu haizai mti uleule

KIGALI – Mtu akila parachichi zuri kutoka mti wa nyumbani huko Niboye, wilayani Kicukiro, hutamani kuweka kokwa akaipande. Miaka mitano, saba au zaidi baadaye, mti unaweza kuzaa tunda jingine kabisa: dogo, lenye nyuzi, au kokwa kubwa na nyama kidogo.

Kokwa haina kosa. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, kisha dume. Chavua mara nyingi hutoka mti mwingine, na kila kokwa hubeba mchanganyiko wake, kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana sura.

Hass yenyewe ilianza hivyo. Rudolph Hass wa California alipanda mbegu miaka ya 1920. Mche mmoja ukatoa tunda bora, akapata hataza mwaka 1935. Miti yote ya Hass duniani imetokana na huo kwa kupandikizwa, si kwa mbegu.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo ni pesa. Matunda ya miti ya mbegu hutofautiana ukubwa, ganda na siku za kuiva, hivyo gunia moja huwa na yaliyooza na mabichi. Na anayenunua miche akavushe aangalie kovu la kupandikiza chini ya shina. Asipoliona, ananunua bahati nasibu.

Hata hivyo kokwa isitupwe: ndiyo huotesha shina linalopokea kikonyo cha Hass.