Buti wazi, roho mkononi!

WENZANGU, leo sina umbea wa mjini wala habari za nani kamwacha nani. Leo nina dhambi yangu mwenyewe, na nimeona niiseme hapa hapa mbele yenu, maana jambo ukilikalia moyoni linachacha kama togwa.

Ilikuwa Juni 2023. Mimi nakaa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, na asubuhi hiyo nilikuwa na safari ya Sumbawanga. Nikadamka alfajiri, nikapiga chai na vitumbua viwili, nikaingia stendi na kibegi changu mgongoni nikijiona bonge la msafiri.

Basi lilikuwa linapakia. Jina lake silisemi, na wala halisaidii kitu. Buti za ubavuni zilikuwa zimeshindiliwa viroba vya mchele, magodoro, ndoo za asali, hadi baiskeli. Buti ya mwisho upande wa kushoto ikagoma kufunga. Tingo akasukuma kwa goti, wapi! Akapiga teke, wapi! Komeo lenyewe lilikuwa limekufa zamani. Basi akachomoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungusha mara mbili tatu, akafunga fundo, akapiga mlango kofi na kusema, "Twende kazi!"

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu mawili. Nikapanda, nikakaa dirishani.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo, na kuku wake wawili ndani ya tenga. Anakwenda Sitalike. Naye alikuwa ameona. Akanigusa mkono.

"Mjukuu wangu, kile kimlango wamekifunga na mpira?"

"Tulia bibi," nikamjibu. "Hawa wamezoea."

Naomba msomaji wangu uliweke akilini jibu hilo. Mimi mpaka leo linanikaba koo.

SUKA ANAKAMUA

Tulipotoka mjini suka akaanza vituko. Mkono mmoja usukani, mkono mwingine simu. Alikuwa anaongea na mwenzake wa basi lililotangulia, wanabishana nani atawahi abiria wa Sitalike. Kila akimaliza sentensi anakanyaga mafuta. Vijana wa viti vya nyuma wanashangilia: "Kamua suka! Kamua!" Na mimi, nisiwe mnafiki, nilitabasamu. Kijana gani hapendi upepo wa dirishani?

Tukiwa bado hatujafika Sitalike kulikuwa na vijana watatu wanaendesha baiskeli pembeni kabisa, kushoto, nje ya mstari mweupe. Kila mmoja na kiroba chake kwenye keria. Basi likayumba kidogo kukwepa kitu, nikasikia paa! Sauti kavu, kama mtu kapiga debe kwa nyundo.

"Jiwe hilo," konda akasema bila hata kugeuka.

Nikachungulia dirishani. Mlango wa buti ulikuwa umenyanyuka, umesimama kama bawa la ndege, na kipande cha mpira kinapepea kwenye komeo. Nyuma yetu baiskeli mbili zimesimama. Ya tatu siioni.

Basi linakwenda. Abiria kimya. Aliyeokoa jahazi ni yule bibi. Alisimama, kuku huku, fimbo kule, akaanza kugonga bomba la kiti: ko! ko! ko! "Simamisha gari! Mmeua mtoto wa watu! Simamisha!" Hapo ndipo na sisi wengine tukapata midomo. Gari zima likawaka, na suka akasimama mbele huko, mwendo wa kutosha kutokwa na jasho kurudi kwa miguu.

Kijana tulimkuta mtaroni. Hai, Mungu mkubwa. Mtulinga umevunjika, mkono haunyanyuki, shati limechanika kuanzia begani. Mchele umemwagika hadi majanini. Unajua neno lake la kwanza? "Baiskeli ya watu iko wapi?" Ilikuwa ya kuazima.

Suka akaja akifoka: "Alikuwa kaingia barabarani!" Rafiki zake wakaonyesha alama ya tairi kwenye changarawe. Kijana hakuingia barabarani hata inchi. Basi lenyewe halikumgusa. Kilichomfuata kule kule pembeni alikokuwa amejihifadhi ni mlango.

Pikapu iliyokuwa inakwenda mjini ikambeba kumrudisha Mpanda hospitali. Trafiki walipokuja kuandika maelezo, nusu ya abiria wakawa "hawakuona kitu, walikuwa wamelala". Mimi nilieleza mwendo, nikaeleza simu. Ya mpira nikaimeza. Mpaka bibi aliponitazama. Hakusema neno, alinitazama tu. Ndipo nikasema: afande, mpira ule niliuona tangu stendi.

Sitalike bibi akashuka na kuku wake. Hakuniaga.

NYUMBA YENYE DROO

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa wa kuangalia ubavu wa kila gari. Nikaanza na kusoma, nikakuta ugonjwa huu si wa Mpanda peke yake.

Kule Marekani wenye nazo wana nyumba za magurudumu. Gari kubwa lina kitanda, jiko, choo, kila kitu. Wakifika mahali pa kupiga kambi wanabonyeza kitufe, na kipande cha chumba kinatoka ubavuni kama droo ya kabati. Sebule inapanuka, wanakaa kwa raha zao. Asubuhi ya kuondoka lazima droo irudi ndani na ifungwe barabara. Lakini binadamu ni binadamu. Yuko anayesahau na kung'oa gari huku chumba kiko nje. Yuko ambaye kufuli limelegea na droo inatambaa nje polepole akiwa barabara kuu, yeye yuko mbele anapiga mluzi. Kinachopita mbele ni gari, kinachofuata nyuma ni ukuta!

Ndiyo maana wajanja wao hawapandi kitini kabla ya kulizunguka gari kwa miguu, wakagusa kila kufuli kwa mkono. Hata rubani, pamoja na mitambo yote aliyonayo, huizunguka ndege yake kwanza. Suka wetu ye' nani?

Sisi Mpanda hatuna droo hizo, lakini ukihesabu vitu vinavyochomoza kwenye magari yetu utachoka. Buti ya basi iliyofungwa kwa mpira. Fuso ambalo mlango wa bodi unaning'inia kwa mnyororo mmoja. Nondo zinazochungulia nyuma ya lori bila hata kitambaa chekundu. Bodaboda aliyelaza bati kwa upana, kona moja tu anakunyoa shingo bila maji. Konda anayening'inia mlangoni kama nguo kwenye kamba. Na wewe, dada yangu mwenye kucha zako nyekundu, kiwiko kiko nje ya dirisha unapigwa upepo!

Vyote hivyo ni kitu kimoja. Dereva anaijua gari yake kwa upana wake wa siku zote. Basi kubwa lina upana wa kama mita mbili na nusu, na suka amezoea kupita na upana huo hata usingizini. Mlango ukifunguka, gari limenenepa ghafla na mwenyewe hana habari. Na buti ya kushoto ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto: upande huo ndio wa watembea kwa miguu, baiskeli na watoto wa shule. Suka yeye amekaa kulia, mbali nao. Tena mlango wa buti wenye bawaba juu ukinyanyuka unafika usawa gani? Kichwa na bega la mtu aliye kwenye baiskeli. Ndiyo maana ya ule mtulinga.

HESABU ZA MWENDO

Sasa weka na mwendo hapo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde moja. Suka akiangalia simu sekunde tatu tu, amekwenda mita 66 akiwa kipofu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira! Akikamua hadi 110, sekunde hizo tatu zinakuwa mita 91 na ushee, na kishindo chake akigonga kinakaribia mara mbili ya kile cha 80. Mwendo ukiongezeka kidogo, kipigo kinaongezeka sana.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haijalala. Basi na magari makubwa mwisho kilometa 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu mwisho 50. LATRA nao, waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, wanayafuatilia mabasi kwa kifaa kinachoonyesha mwendo. Safi sana. Lakini kifaa hicho kinaona mwendo, komeo hakilioni. Mpira wa baiskeli kwenye buti unaonwa na macho ya mtu aliyesimama stendi. Macho yangu. Macho yako.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilisema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kuanzia miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Yaani anayeumia sana si yule aliyelipa nauli ya mwendo kasi. Ni yule aliye nje, ambaye hata hakujua kwamba mnashindana.

LAMI IMEKUJA, AKILI JE?

Wazee wetu wanakumbuka Mpanda ya kusubiri treni ya Kaliua, na ya magari kulala njiani kwa matope. Mashimo yale yalikuwa adha, lakini yalikuwa trafiki wa bure: hakuna aliyekamua. Leo kwenda Sitalike ni lami. Kwenda Tabora kupitia Koga ni lami, barabara iliyozinduliwa mwaka 2022. Tunashukuru, na atakayebeza ana lake jambo. Ila komeo bovu lililokuwa linavumilia kwenye vumbi kwa mwendo wa kobe halivumilii kwenye lami. Upepo wa kasi unalisukuma, mtikisiko unalilegeza, na mpira wa baiskeli kazi yake ni kuvutika. Barabara imebadilika, tabia tumebaki nazo zile zile.

UFANYE NINI?

Kwanza, ukifika stendi usikimbilie dirisha. Zunguka gari. Dakika mbili tu. Angalia kila buti, gusa komeo. Buti inafungwa kwa komeo lake na pini yake. Kamba, waya na mpira ni vya kufungia kuni.

Pili, ukiona kasoro sema kabla gari halijaondoka, na useme na wenzako. Abiria mmoja ni kelele, abiria kumi ni mkutano. Konda anaogopa sana watu kumi wanaodai nauli yao.

Tatu, suka akiongea na simu usimshangilie. Ukimwambia "kamua", umeshika usukani naye.

Nne, likitokea la kutokea, simamisheni gari. Msikubali ile ya "jiwe hilo". Pigeni 112, na ukiulizwa, sema ulichokiona chote. Usimeze.

Tano ni yenu wa baiskeli na wa miguu: ukisikia basi linakuja kwa fujo, toka hadi majanini. Haki unayo, lakini haki haiungi mfupa.

Kijana yule nilimtafuta baadaye. Mkono umepona, ila kiroba kizito hakibebi tena begani. Nikamwomba radhi. Akacheka: "Kaka, si wewe uliyeendesha." Kweli, sikuendesha. Lakini kati ya watu wote waliojua ule mpira upo, mimi nilikuwa mmoja, na bibi aliniuliza mimi.

Juzi nilisafiri tena. Nikalizunguka basi kama rubani, nikagusa kila buti. Konda akaniona, akacheka na wenzake: "Braza, unataka kulinunua?" Nikamwambia hapana, nataka tu hii ya tatu uifunge vizuri. Akanuna, akaenda akaleta pini, akaifunga.

Ukifika stendi nawe fanya hivyo hivyo, waache wacheke. Haya, tukijaliwa, wiki ijayo!