Kijana na Kitabu Baada ya Mtihani: Mfano wa Eldoret

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutajwa mno katika mijadala ya usomaji, na mara nyingi hutajwa kwa kukatisha tamaa. Mzazi huikariri, mwalimu akaikariri, hata mhadhiri naye akaikariri, ili kueleza kwamba mtoto asiyezoeshwa vitabu utotoni hawezi tena kuwa msomaji afikapo miaka 17 au 20. Matokeo yake ni kwamba juhudi nyingi za kukuza usomaji huelekezwa kwa watoto wa shule za msingi, ilhali kijana anayetoka kidato cha nne huachwa aende zake kana kwamba amekwisha kukauka.

Makala haya yanaitilia shaka dhana hiyo. Yanajadili sababu zinazomfanya kijana ajuaye kusoma aache kusoma, kisha yanapendekeza njia za kumrejesha kwenye kitabu, hususan kitabu cha Kiswahili. Mfano unaorejelewa ni Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024. Vijana wa umri huu ni wengi humo na viungani mwake. Wako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, na wa Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa bewa la Chepkoilel kabla ya kupata hati yake mwaka 2013. Wako pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi, wahudumu wa bodaboda, wachuuzi, na wanariadha wanaoamka alfajiri kwenda mazoezini. Wengi wao walipita shuleni na wanajua kusoma. Swali ni kwa nini hawasomi.

Riwaya Moja kwa Miaka Minne

Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na ambao sasa unaelekea ukingoni, karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hutahini fasihi. Mtahiniwa hujibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Maswali hayo hutokana na ushairi, fasihi simulizi, riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Katika tanzu tatu za mwisho huteuliwa kitabu kimoja kimoja. Hii ina maana kwamba mwanafunzi anaweza kukamilisha miaka minne ya sekondari, tena apate alama ya A, akiwa amekutana na riwaya moja tu ya Kiswahili. Kwa miaka kadhaa riwaya hiyo ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Baadaye ikafuata Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi.

Kasoro haimo katika vitabu hivyo, kwani kila kimoja kina uzito wake. Kasoro imo katika namna vinavyosomwa. Kabla mwanafunzi hajaufungua ukurasa wa kwanza wa riwaya, tayari ameshika mwongozo unaomwelezea maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Anajua kwamba Mtemi Nasaba Bora ni dhalimu kabla ya kuushuhudia udhalimu wenyewe, na anajua hatima ya Amani kabla ya kumwonea huruma. Anasoma ili aweze kueleza muktadha wa dondoo. Dondoo likishaelezwa na mtihani ukishapita, kitabu hakina kazi tena. Kwa mwanafunzi huyo kitabu ni mzigo wa kubebwa hadi mahali fulani, na akifika huutua.

Mtaala wenyewe hutofautisha kusoma kwa kina na kusoma kwa mapana. Kusoma kwa kina ni kule kwa kuchambua matini chache kwa uangalifu mkubwa. Kusoma kwa mapana ni kule kwa kupitia matini nyingi kwa ajili ya ufahamu, burudani na ukuzaji wa lugha. Aina zote mbili zinahitajika, na ya pili ndiyo huipa nguvu ya kwanza. Lakini mtihani hupima ile ya kwanza tu, na chochote kisichopimwa hupuuzwa. Hivyo kijana hufundishwa kukichambua kitabu kabla ya kufundishwa kukipenda.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi kutokana na mtaala mpya. Katika sekondari ya juu, ambayo kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 ni la mwaka 2026, Fasihi ya Kiswahili imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Iwapo zamani kijana alilazimika kukutana na walau riwaya moja, sasa wapo watakaoweza kuepuka hata somo lenyewe la fasihi. Shuruti inapopungua, mvuto ndio unaobaki. Asiyejua namna ya kuvuta wasomaji atajikuta darasani bila wanafunzi.

Je, Wakati Umepita?

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inakanusha madai kwamba mtu mzima hawezi kuanza kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Katika muongo huo watu waliokwisha kuoa, kuolewa na kupata wajukuu walikaa katika madarasa ya kisomo. Mnamo 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Waandalizi walitambua pia kwamba anayejua kusoma bila kupata cha kusoma husahau alichojifunza, na ndiyo maana maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini yakaanzishwa. Ikiwa mkulima wa miaka 50 aliweza kuanza na alifu, kijana wa miaka 19 mwenye cheti cha kidato cha nne hawezi kuitwa samaki mkavu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na Eldoret. Katika kambi ya mazoezi ya Kaptagat, Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anajulikana kwa mapenzi yake ya vitabu. Amesema hadharani mara nyingi kwamba kusoma ni sehemu ya maisha yake. Huyu ni mtu ambaye hakuna mtihani unaomsubiri. Kwa vijana wa Bonde la Ufa, ambao humtazama kwa kila alifanyalo, ushahidi huu una uzito kuliko mawaidha ya mwalimu.

Riadha inatoa pia funzo la utaratibu. Hakuna mkimbiaji aanzaye na marathoni. Huanza na umbali mfupi, akaurudia kila siku, mpaka mwili ukazoea. Msomaji naye ni vivyo hivyo. Kurasa 10 kwa siku ni kazi ya muda mfupi, lakini kwa mwendo huo riwaya ya kurasa 200 humalizika kwa siku 20, na kwa mwaka mzima msomaji huwa amemaliza riwaya 18. Haba na haba hujaza kibaba.

Uteuzi wa Kitabu cha Kwanza

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kumpa msomaji mchanga kitabu kinachomstahili mtaalamu. Kijana wa Uasin Gishu aliyelelewa katika Kikalenjin, akajifunza Kiswahili darasani na kukitumia sokoni, anapokabidhiwa riwaya ya Kiunguja iliyosheheni msamiati wa bahari, wa mavazi na wa mapishi ya pwani, hukwama katika kurasa za mwanzo. Hukwama si kwa uvivu, bali kwa sababu kila sentensi humdai afungue kamusi. Hapo hujiona mjinga, na hakuna apendaye kuketi na kinachomwonyesha ujinga wake.

Yafaa basi kuwe na ngazi. Kidato cha kwanza cha ngazi hiyo ni hadithi inayosonga haraka. Riwaya za upelelezi zilifanya kazi hii kwa vizazi vilivyotangulia: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Baadhi ya wahakiki waliziita fasihi pendwa kwa dharau kidogo, lakini zilisomwa na watu wasioshurutishwa na yeyote.

Kidato cha pili ni kitabu kinachomgusa kijana katika maisha yake. Siku Njema ya Walibora (1996) humfuata kijana Kongowea Mswahili anayetoka Tanga na kumtafuta babake hadi Kitale. Msomaji wa Eldoret huuona mkoa wake mwenyewe ukiingia katika fasihi, na jambo hilo si dogo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iligusa malezi, mapenzi na masomo ya msichana kwa uwazi uliosababisha ipigwe marufuku shuleni Tanzania kabla ya kukubaliwa baadaye. Vijana wa miaka 18 wanayaishi mambo hayo, na kuwaficha ni kuwatuma kwenye vyanzo vingine.

Baada ya hapo ndipo aje Shafi Adam Shafi na Vuta n'Kuvute (1999). Filamu iliyotokana na riwaya hii, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa mwaka 2021, inaweza kuwa mlango. Anayeitazama kwanza huingia kitabuni akiwa na picha ya Zanzibar akilini, na maneno mageni hayamtishi tena. Aambiwe pia kwamba si lazima kila neno litafutwe katika kamusi. Alitie alama, aendelee, na mengi yatajieleza mbele ya safari.

Wenzi na Mahali

Kusoma huaminiwa kuwa kazi ya upweke, lakini utamaduni wa Waswahili una desturi tofauti. Tenzi zilisomwa kwa sauti mbele ya hadhara, na magazeti yalisomwa barazani huku mmoja akisoma na wengine wakibishana. Desturi hii inafaa kufufuliwa kwa sababu hutatua pia tatizo la gharama. Tangu Sheria ya 2013, vitabu nchini Kenya viliwekwa chini ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16, na mwanafunzi anayehesabu nauli ya kutoka Kesses hadi mjini hatanunua riwaya kila mwezi. Kikundi cha watu wanane wenye nakala mbili kinaweza kupokezana sura, kusomeana na kujadili bila mwongozo na bila maksi.

Kuhusu mahali, Huduma ya Maktaba za Kitaifa, iliyoundwa mwaka 1965, ilifungua tawi Eldoret, na Katiba ya 2010 iliyataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Chuo Kikuu cha Moi kina Maktaba ya Margaret Thatcher. Lakini mara nyingi kijana huingia maktabani na daftari lake mwenyewe, akaketi kudurusu, akatoka bila kugusa rafu. Rafu moja ya riwaya za Kiswahili karibu na mlango, zinazoruhusiwa kuazimwa, yaweza kubadilisha mengi. Simu nayo isihesabiwe kuwa adui. Kijana anayefuatilia hadithi kwa simu anasoma, na kazi iliyobaki ni kumwonyesha kitabu kinachofanana na hadithi hiyo.

Hitimisho

Imebainika kwamba kijana hakuacha kusoma kwa sababu umri umempita. Aliacha kwa sababu alifundishwa kwamba kitabu humalizika pamoja na mtihani. Dawa yake ni uhuru wa kuchagua, ngazi inayopandika, wenzi wa kusoma nao na mahali pa kupata vitabu.

Jukumu la kwanza linamwangukia mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, kwa kuwa kesho ndiye atakayekuwa mwalimu. Asiyesoma hawezi kuambukiza usomaji. Mwanachama mmoja akimtafutia kijana mmoja wa mtaani kwao kitabu kimoja kwa muhula, chama kitakuwa kimefanya kazi kubwa. Wahadhiri nao, wanapowapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wangefaa kuanza kwa kuwauliza ni kitabu gani cha Kiswahili walichokisoma bila kushurutishwa. Darasa likinyamaza, basi mhadhiri atakuwa amejua kazi yake ianzie wapi.