Namna ya Kuistaafisha Seva

Hapa Msangano mkulima hamfungui maksai mzee plau likiwa linakwenda. Humaliza mstari kwanza, akamtafuta wa kushika mahali pake, ndipo amtoe nirani. Seva nazo yafaa zistaafishwe hivyo.

Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine na kuzitunzia taarifa. Ziko nyingi Kijitonyama, Dar es Salaam, katika kituo cha taifa cha kuhifadhi data kinachoendeshwa na TTCL. Mahali pengi duniani seva huunganishwa zikawa kundi moja, na programu kama Kubernetes huzigawia kazi. Kila seva huzeeka. Hatari ni kuing'oa kwa haraka.

Kwanza, kundi liamriwe lisiipe seva ile kazi mpya. Pili, kazi ilizo nazo zihamishiwe seva nyingine. Tatu, tungoje mpaka kila taarifa iliyomo iwe na nakala kamili kwingine. Tena zitolewe moja moja. Seva zinazoongoza kundi huamua kwa wingi wa kura: zikiwa 3, lazima 2 ziwe kazini. Ukizima 2 pamoja, iliyobaki haiwezi kuamua neno. Kisha seva iondolewe katika orodha ya kundi, ndipo umeme uzimwe.

Lakini kazi bado. Mwaka jana kaka yangu alinunua diski kuukuu Tunduma. Siku moja alifuta picha zake kwa bahati mbaya, akatumia programu ya kuzirudisha. Pamoja na picha zikatoka orodha za watu tusiowajua, namba zao za simu na madeni yao. Nilishtuka, maana baba yangu naye ana madeni.

Kumbe kufuta faili ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zote zabaki. Diski yapasa iandikwe upya yote, au ifutwe kwa amri yake yenyewe ya kufuta, au ivunjwe kabisa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siri za watu ni amana.

Basi wazazi na walimu wetu, kabla ya kuuza kompyuta kuukuu, ulizeni kwanza: diski yake imesafishwa? Ya kaka tuliisafisha jioni ile ile.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne